Rangi Isiyokuwemo Daftarini

Rudia alikuwa mtu wa kugombana na rangi. Ukimwonyesha kalenda yenye picha ya treni, hatakuuliza treni inakwenda wapi. Atakodolea macho kichwa cha treni, atahamia kwenye mabehewa, halafu ataguna. "Hivi havikuwahi kuonana," atasema, maana yake kichwa ni cha zama za buluu na mabehewa ni ya zama za damu ya mzee, na aliyevichora pamoja ama ni mwongo ama ni mvivu. Kwake yeye hakukuwa na tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata karakana ya reli, alipoingia kujifunza kazi katika banda la rangi akiwa na miaka kumi na tisa. Msimamizi wa banda alikuwa mtu wa neno moja. Anapita nyuma yako, anainamia bati ulilolipaka, anasema "rudia," anakwenda zake. Kijana huyu aliambiwa rudia mara nyingi mno ndani ya wiki moja, wenzake wakambandika, likamganda. Baadaye akawa yeye ndiye msimamizi na akalirithi neno pamoja na koti la kazi. Alipostaafu alihamia nalo nyumbani. Mkewe, ambaye ni mshonaji, anasema aliwahi kuambiwa arudie kutandika kitanda, na kwamba jibu alilompa mumewe siku hiyo halifai kusimuliwa.

Katika chumba cha nyuma Rudia alikuwa anaunda treni ndogo za abiria, kichwa kimoja na mabehewa matatu, kwa mbao laini na bati la makopo. Moja iko kwenye kabati la kioo stesheni, chumba cha kungojea. Nyingine wamezichukua wastaafu wenzake. Wengi husifu magurudumu na vidirisha, naye huwaacha wasifu, lakini moyoni huwadharau kidogo. Kuchonga mtu yeyote mwenye subira ataweza. Kazi ni kujua treni ile, mwaka ule, ilivaa nini. Vichwa vya makaa vilikuwa vyeusi. Zikaja dizeli, zikapakwa damu ya mzee na mistari miwili ya dhahabu ubavuni, na mabehewa yake yakawa rangi ya maziwa juu, damu ya mzee chini. Mwisho ikaja buluu na nyeupe, ambayo Rudia aliipaka kwa mikono yake miaka kumi na minane na hakuipenda hata siku moja. Ukimbishia, anafungua sanduku. Ndani mna madaftari kumi na moja. Kila kichwa kilichopita banda la rangi kimeandikwa namba, rangi, na tarehe ilipokauka. Daftari likishasema, yeye hana la kuongeza, na wewe pia huna.

Sasa huyu Rudia alikuwa na dada.

Dada alimzidi miaka mitano, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemmalizia malezi, akamfulia, akamgombeza, akamtafutia nafasi karakana. Kisha akapata kazi ya ukunga katika hospitali ya mbali, akapanda treni, akaenda. Huko akaolewa, akazaa, akafiwa na mume. Sasa, miaka arobaini na mitano baadaye, alikuwa amerudi na sanduku moja na chupa tatu za dawa ya macho, akapewa chumba cha mbele. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia kwamba nuru iliyokwenda hairudi, na iliyobaki inafunga polepole kutoka pembeni, kwa hiyo ataendelea kuona mbele tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, mpaka tundu nalo lizibe. Alipoulizwa ni lini, daktari alisema ni miezi, si miaka.

Asubuhi moja wanakunywa chai, dada akasema anataka atengenezewe treni yake, ile iliyomchukua, aitazame vizuri kabla duka halijafungwa. Duka ndilo neno alilotumia. Wifi yake, yaani mke wa Rudia, akashindwa kumeza mkate.

Rudia yeye aliruka kwa furaha. Hatimaye amepata mteja anayejua tarehe! Na kweli dada aliijua, siku, mwezi na mwaka. Ilikuwa tarehe kumi na moja. Rudia akaanza kumweleza kwamba hapo hakuna kubahatisha, mwaka ule vichwa vyote vya abiria vilikuwa damu ya mzee, mistari miwili ya dhahabu.

"Changu kilikuwa kijani," dada akasema.

Rudia akacheka. Akamwambia reli haijawahi kuwa na kichwa cha kijani tangu ianze.

"Kijani. Kama majani ya nje ya kabichi, yale tunayoyatupa."

"Dada, mimi nilikuwepo," Rudia akasema. "Nilikuwa nyuma ya umati nikakupungia, hukuniona tu. Treni ilikuwa damu ya mzee, inang'aa."

Dada hakubisha. Alinyoosha mkono kutafuta kikombe chake, akakikosa kidogo, akakipata.

Hapa inabidi nimseme Rudia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kujisema. Hakuwepo. Siku ile aliamka na hasira, akajiambia kwamba kama dada anaweza kumwacha, basi na yeye anaweza kutokwenda kumuaga. Alijifungia banda la rangi akapiga msasa mlango wa behewa uliokuwa umeshalainika tangu jana yake, mpaka aliposikia honi ya treni inaondoka, naye akaendelea kupiga msasa. Wiki iliyofuata majuto yakamkaba. Akaandika barua na kutunga uwongo wa umati, na ili uwongo upate nguvu akaupaka rangi. Miaka ilivyokwenda akawa anausimulia harusini na misibani, kila mara akiongeza kitu: leso aliyoshika, ukungu wa asubuhi, dhahabu ilivyopata jua. Aliusimulia mpaka siku nyingine akawa anauona.

Akaunda treni. Wiki tatu hakufanya kazi nyingine. Alichanganya damu ya mzee mara nne mpaka akaipata ile yenyewe, isiyo nyekundu wala kahawia, akapiga mikono mitatu ya rangi na kusugua katikati ya kila mmoja. Mistari ya dhahabu aliipiga kwa brashi aliyoipunguza ikabaki na nywele sita, huku amezuia pumzi. Ilipokauka hata yeye aliitazama akaona haya. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, si karakana, si nyumbani.

Alimpelekea dada barazani, penye mwanga. Dada akaiinua mpaka karibu na pua, akaisogeza polepole mbele ya tundu lake la kuonea, behewa kwa behewa, halafu kichwa. Alikaa nacho muda mrefu.

"Nzuri sana, mdogo wangu," akasema. "Mtu akiipata hii atafurahi. Ila siyo ile."

Rudia akauliza siyo vipi. Dada akarudia kwamba ilikuwa kijani, tena kijani kisichong'aa, na chini ya dirisha la dereva palikuwa na mchirizi wa rangi ulioteremka kama kidole hivi, ukaishia na tone. Rudia akahisi ametukanwa yeye na banda zima. Kichwa cha abiria kitoke karakana na mchirizi! Alisema maneno mengi juu ya utaratibu wa kazi, juu ya msimamizi wake wa zamani, juu ya kumbukumbu za watu wanaopenda kuchanganya mambo, na alipomaliza akagundua kwamba dada ameshaiweka treni kwenye kigoda na anafuta miwani ambayo haimsaidii.

Tangu hapo Rudia hakutulia. Anakaa, anasimama. Anafungua daftari la mwaka ule, anakuta kila namba na rangi yake, anafunga, na kabla hajafika mlangoni anarudi kulifungua tena. Alitoka kununua msumari akarudi na sabuni. Alianza behewa jipya akaliacha halina paa. Mkewe, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani, alimwambia ama akae ama atoke, kwa sababu kila akipita uzi unakatika. Alitoka. Akazunguka mtaa mzima akarudi, akalikuta daftari linamngoja pale pale.

Kilichomsumbua hakikuwa kijani. Kilikuwa ule mchirizi. Mtu akisahau atasahau rangi, atachanganya mwaka, lakini nani anabuni mchirizi chini ya dirisha la dereva? Na kila alipokutana na dada ukumbini alimwona anatembea mkono ukiwa ukutani, jambo ambalo wiki iliyopita hakulifanya. Siku zinakwenda, na yeye ameshika treni ya mtu mwingine.

Mwisho akaenda kwa Mzee Honi. Huyu alikuwa dereva wa treni, sasa amestaafu na magoti yamemgomea, anashinda kwenye kiti cha plastiki mlangoni pake akiwapigia kelele wenye baiskeli. Alipewa jina hilo kwa kuwa akipita na treni karibu na kwake alikuwa anapiga honi mpaka mkewe atoke. Rudia alimtajia tarehe na kumuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, kama anakumbuka treni ya abiria ya siku ile ilivutwa na kichwa gani.

Mzee Honi alianza kucheka kabla hajamaliza kusikiliza. Angesahauje, siku aliyochekwa na stesheni nzima? Kichwa cha abiria kiligoma asubuhi ile, hakiwaki. Abiria wameshajaa. Kilichokuwa hai peke yake kilikuwa namba ishirini na tisa, kimetoka matengenezo makubwa, kinazungushwa na mabehewa matupu kwa majaribio. "Na unajua ninyi watu wa rangi," akasema. "Hamkipaki kabla ya majaribio, maana mafuta yakivuja yatawaharibia kazi. Kimepakwa praima tu. Kijani, kimepauka, hakina hata namba ubavuni. Wakanifungia mabehewa ya abiria nyuma yake, mazuri, yamesuguliwa. Mama mmoja akaniuliza treni inaumwa nini."

Rudia akajifanya anatazama baiskeli inayopita.

"Lakini wewe si ulikuwepo?" Mzee Honi akauliza. "Siku zote unasema ulikwenda kumuaga dada yako. Aliyekuwepo hawezi kusahau."

Rudia akasema kwamba mambo ni mengi. Akaaga hata chai haijaletwa.

Njiani alikuwa karibu akimbie. Praima! Ile rangi ya msingi inayopakwa kwenye bati tupu ili kutu isile na rangi yenyewe ishike. Kwa mtu wa banda la rangi, praima si rangi. Haihesabiwi, haiandikwi, na kutoka na praima mbele ya abiria ni sawa na kwenda harusini na nguo ya ndani. Alifika, akafungua daftari, akapata namba ishirini na tisa: damu ya mzee, mistari miwili ya dhahabu, tarehe kumi na tisa. Siku nane baada ya dada kuondoka. Kabla ya hapo ukurasa haukuwa na kitu. Daftari halikudanganya. Ni kwamba aliyeliandika aliona kile kijani hakistahili wino.

Na aliyepaka kile kijani alikuwa yeye mwenyewe. Sasa alikumbuka yote, mpaka harufu. Ilikuwa tarehe kumi, siku moja kabla. Dada alikuwa nyumbani anafunga sanduku, na yeye karakana ameshika mashine ya kupulizia, amekazana na sehemu moja kuliko inavyotakiwa kwa sababu akili haiko hapo, rangi ikajaa, ikateremka. Msimamizi akapita nyuma, akainama. "Rudia," akasema. Kesho yake asubuhi kichwa kilitolewa kwa majaribio hajakirudia.

Alikaa kwenye kiti chake akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto, peke yake, mchana kweupe.

Kutengeneza upya treni nyingine kungechukua wiki tatu, na asubuhi ile dada alikuwa amemwomba wifi yake amsomee maandishi ya chupa ya dawa. Basi Rudia akaichukua ile ile. Akamwaga thina kwenye kitambaa, akakiweka juu ya mstari wa dhahabu. Mkono ulisita. Kisha akafuta. Kitambaa kilitoka chekundu, akachukua kingine. Mkewe alisimama mlangoni akaangalia kazi ya wiki tatu inaingia kwenye ndoo, akamuuliza kama amerukwa na akili. Rudia alimwambia bado kidogo. Mabehewa hakuyagusa.

Praima aliipata siku hiyo hiyo, akapiga mkono mmoja, akajizuia asiongeze wa pili. Hiyo peke yake ilikuwa adhabu. Lakini kazi kubwa ilikuwa mchirizi. Mtu aliyekaa miaka arobaini na mitano akiuzuia mkono wake usifanye kosa lile, sasa anauamuru ulifanye, nao hautaki. Mara ya kwanza rangi ilitulia pale alipoiweka. Mara ya pili iliteremka upande, ikakaa kama imechorwa. Akafuta, akapaka, akafuta. Mara ya tano alimfikiria dada anafunga sanduku, mkono ukatetemeka kidogo, na rangi ikashuka yenyewe chini ya dirisha, ikaishia na tone. Aliiacha ikauke. Alikaa mbele yake ameshika magoti, kwa kuogopa mikono isiende kuinyoosha.

Asubuhi alikwenda barazani na treni mkononi. Hakungoja dada aitazame.

"Dada," akasema, "siku ile sikuja."

Dada alikuwa ameshaipokea, anaisogeza mbele ya jicho. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu barua yako ya kwanza. Uliandika treni ilikuwa damu ya mzee inang'aa. Nikasema huyu hakufika hata getini."

Rudia akamuuliza kwa nini basi amenyamaza miaka yote hiyo, akimwacha anasimulia mbele za watu.

"Ningekwambia nini? Ulikuwa umeshaitia mistari ya dhahabu."

Alicheka mwenyewe, kicheko kifupi. Rudia akamweleza yote yaliyobaki. Alimwambia hasira zilikuwa za mtoto na yeye hakuwa mtoto. Alimwambia juu ya mlango na msasa na ile honi aliyoisikia. Alimwambia juu ya praima, nani aliipaka na kwa nini iliteremka. Dada alisikiliza bila kuinua kichwa, kidole chake kikitambaa kwenye bati, kikapita mlango, kikafika chini ya dirisha la dereva na kusimama juu ya lile tone.

"Hapa ndipo niliposimama," akasema. "Watu walikuwa wengi, nikaona nikae mbele, karibu na kichwa, ukija usihangaike kunitafuta. Nilikungoja mpaka dereva akaniambia, mama, panda. Nilikuwa sina pa kutazama, nikatazama huu. Nauona mpaka leo kuliko ninavyokuona wewe."

Rudia aliketi kwenye ngazi. Alitaka kusema nisamehe, likatoka neno lisiloeleweka, akalikohoa.

"Sasa nipungie," dada akasema.

"Sasa hivi?"

"Unataka mpaka lini? Daktari si alisema ni miezi?"

Rudia akainuka. Alishuka ngazi, akaenda mpaka getini, mzee wa miaka sitini na minne ndani ya koti lenye madoa ya kijani, akageuka. Dada alikuwa ameiweka treni mapajani, anageuza kichwa huku na huku, anamtafuta.

"Sogea kushoto. Umezidi, rudi. Hapo."

Akainua mkono, akapunga. Jirani aliyekuwa anapita akadhani anasalimiwa, akaitikia, na Rudia hakumjibu. Mkewe alitoka na futi ya kushonea shingoni akasimama mlangoni bila kuuliza. Bega lilianza kumuuma, akabadilisha mkono, akaendelea, mpaka dada yake, macho yamemkazia yeye tu, akamwambia basi, ateremshe mkono, treni imeshakata kona.